Swift Sport, Altezza, Mark X au Subaru STI: lipi lina raha ya kuendesha?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, nimejikusanya, nataka ndinga yenye raha. Nichukue Mark X au Subaru?" Kabla sijafungua mdomo linafuata la pili: "Ipi ina farasi wengi?" Hilo la pili ni jepesi, jibu lake limeandikwa kwenye kila tangazo. La kwanza ndilo zito. Nimeshaona watu wakinunua farasi 300, na baada ya miezi mitatu wanaendesha mkono mmoja kwenye stelingi na mwingine kwenye simu. Gari limeshawachosha na wenyewe hawajui kwa nini.

Nauweka msimamo wangu mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Gari lenye raha ni gari linaloongea. Unakata kona, mikono inapata habari za tairi za mbele, makalio yanapata habari za tairi za nyuma, mguu wa kulia unajua injini imefika wapi. Lisiloongea linaweza kukimbia kama risasi na bado ukawa abiria ndani yake. Pia ni lazima maongezi hayo yaanze kwenye mwendo ambao barabara zetu zinauruhusu. Gari linaloanza kuamka ukifika 160 halina faida kwa mtu anayeishi kati ya matuta, tochi za trafiki na malori ya mizigo.

Nimechukua manne, yote kutoka Japani, yote yana mashabiki wake hapa Tanzania, na yote mtu wa mshahara mwenye subira anaweza kuyafikia. Namba zake ni hizi, uzito ni wa kukadiria kwa sababu hubadilika kidogo kulingana na toleo:

| | Suzuki Swift Sport (ZC32S) | Toyota Altezza RS200 | Toyota Mark X 250G (GRX130) | Subaru Impreza WRX STI (GRB) |
|---|---|---|---|---|
| Miaka | 2011–2016 | 1998–2005 | 2009–2019 | 2007–2014 |
| Injini | 1.6, silinda 4 | 2.0, silinda 4 | 2.5, V6 | 2.0 tabo, boksa (silinda 4 zilizolala) |
| Farasi | 136 | 210 | 203 | 308 |
| Uzito | kilo 1,050 | kilo 1,350 | kilo 1,510 | kilo 1,480 |
| Magurudumu yanayosukuma | mbele | nyuma | nyuma | yote manne |
| Gia | manyuali 6 | manyuali 6 | otomatiki 6 | manyuali 6 |

Ukigawa uzito kwa farasi, STI kila farasi anabeba chini ya kilo 5. Altezza ni kama 6.4, Mark X 7.4, na Swift karibu 7.7. Kwa hesabu hiyo Swift ni ya mwisho. Kwa hesabu yangu siyo, na sababu zake ndizo makala yenyewe.

Barabara ya kupimia

Mimi gari nalipima kwenye kupanda na kushuka Usambara, kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto. Ukiondoka Mombo alfajiri, kabla mabasi hayajaanza kupanda, barabara inaacha tambarare za mkonge na kuanza kujikunja mlimani. Ni kilomita 30 na ushei. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, lami nyembamba, kona moja inaizaa nyingine hadi unasahau umekata ngapi. Kina mama wenye matenga ya mboga wanapita pembeni, watoto wanakwenda shule, kwa hiyo hakuna wa kukimbia pale, na mtu anayejaribu namwomba aache. Mwendo ni 30, 40, mara chache 60. Na hapo hapo, kwenye 40, ndipo unapojua kama gari lina roho.

Usinielewe vibaya. Kama barabara yako ni Dar hadi Dodoma kila wiki na unachotaka ni kufika bila mgongo kuuma, raha yako ni nyingine na Mark X itakufaa kuliko haya mengine yote. Hapa naongea na yule anayezunguka mtaa mara ya pili bila sababu, kwa kuwa anapenda tu kuendesha.

Stelingi: hapa ndipo mazungumzo yanapoanzia

Tairi la mbele likigeuzwa, lami hulisukuma lirudi kwenye mstari ulionyooka. Nguvu hiyo ndiyo unayoisikia mkononi kama uzito. Kadiri unavyoingia kona kwa mwendo zaidi, stelingi inakuwa nzito zaidi. Halafu kinatokea kitu ambacho wengi hawajakigundua: muda mfupi kabla tairi halijaanza kuteleza, uzito ule hupungua. Stelingi inalegea kidogo, kama mtu aliyekuwa amekushika mkono kwa nguvu na sasa anaachia vidole. Hiyo ndiyo taarifa. Gari linakuambia, "hapa ndipo mwisho wangu, punguza." Dereva aliyeizoea sauti hiyo hahitaji kuona mshale wa spidi.

Tatizo ni kwamba magari mengi ya kisasa yanaifunika. Stelingi inayosaidiwa na mota ya umeme ni nyepesi na inaokoa mafuta, lakini mara nyingi inachuja yale mambo madogo: kokoto, kiraka cha lami, ule ulegevu wa vidole niliousema. Stelingi ya mafuta, yenye pampu ya haidroliki, inachuja machache kuliko hiyo na kukuachia mengine yote.

Altezza na STI zina stelingi ya mafuta, na unaijua kona ya kwanza tu. Altezza hasa. Ukiingia kona ya kushoto juu kidogo ya Mombo, unahisi tairi la kulia likibeba mzigo, unahisi lami ikibadilika kutoka laini kuwa ya kokoto, na mkono unarekebisha kabla akili haijatoa amri. Ya STI ni nzito na imara zaidi, inaongea kwa sauti kubwa, ila inaongea mambo ya mwendo mkubwa. Kwenye 40 bado inapiga miayo.

Swift ina stelingi ya umeme, na wapo watakaokuambia hapo ndipo iliposhindwa. Siwabishii sana. Haikupi kokoto moja moja kama Altezza. Lakini ni ya haraka, na bodi yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba kile ambacho mikono inakikosa, kiti kinakileta. Mark X imepangwa kwa ajili ya utulivu. Ukigeuza inageuka, ukinyoosha inanyooka, na katikati ya hapo hakuna stori.

Kilo 430

Tofauti ya uzito kati ya Swift na STI ni karibu kilo 430. Hao ni watu wazima sita. Jaza watu sita kwenye gari lako halafu ushuke Soni kwenda Mombo, utaelewa ninachosema bila fomula yoyote: breki inachelewa kushika, kona inakuja mapema, pua inataka kwenda moja kwa moja, na ukiugeuza ule mzigo upande mmoja unachukua muda kuurudisha wa pili. Kona zikifuatana kushoto, kulia, kushoto, gari zito linabaki nyuma ya mkono wako kwa nusu hatua. Jepesi linakwenda pamoja nawe.

Ndiyo maana Mazda walipotengeneza Roadster mwaka 1989, gari ambalo nje ya Japani linaitwa MX-5, walikuwa na wazo la mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Hawakuhangaika na nguvu. Hata toleo la kizazi cha nne lililouzwa Japani lilikuja na injini ya 1.5 ya farasi 131, na jepesi kuliko yote lilikuwa chini ya tani moja. Kama maisha yako yanaruhusu viti viwili, na njia ya kwenda kwako haina mashimo, usisome zaidi ya hapa. Lakini wengi wetu tuna watoto na mama mkwe.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Toyota 86, pacha wa Subaru BRZ, iliyotoka 2012. Walipoipa farasi 200 waliifunga tairi za 215/45 inchi 17 za aina ile ile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Watu wakashangaa, gari la michezo na tairi za gari la kubana mafuta! Ilikuwa makusudi. Tairi lisiposhika sana, dereva anafika mpakani mwa mshiko akiwa kwenye mwendo mdogo, anasikia gari likicheza, anajifunza. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunanunua gari, siku ya pili tunafunga rimu kubwa na tairi pana, halafu tunalalamika gari limekuwa gumu na halina ladha.

Swift Sport ndiyo inayoishi kwa kanuni hiyo kati ya haya manne. Tairi ni 195, bodi ni fupi, na magurudumu yamekaa pembeni kabisa karibu na bampa. Ukiachia mafuta kidogo katikati ya kona, pua inajivuta ndani yenyewe. Ukikanyaga tena, inanyooka. Mguu wako unakuwa stelingi ya pili. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hiyo ni zawadi, maana mengi ya aina hiyo ukikosea mwendo yanagoma kugeuka na hakuna unachoweza kufanya zaidi ya kusubiri.

Mkono wa kushoto na miguu miwili

Hapa Mark X inaachwa kituoni. Giaboksi yake ni otomatiki ya gia 6, laini, haina makosa, na haikuhitaji. (Yapo matoleo maalumu ya GRMN yaliyotoka na manyuali, machache sana: 100 mwaka 2015 na 350 mwaka 2019. Ukiliona moja limepaki mahali, piga picha.) Unaweza kuisukuma lever upande na kuchagua gia mwenyewe, lakini kati ya kuomba na kupewa kuna pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo inayoua raha.

Na hayo mengine matatu? Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa kuwa kuna kitu kimoja ambacho mtu aliyekulia kwenye otomatiki hajawahi kukionja.

Unashuka kuelekea kona kali ukiwa gia ya tatu. Unakanyaga breki kwa kidole gumba na upande wa kushoto wa wayo. Klachi chini. Breki ikiwa bado imeshikwa, unauzungusha upande wa kulia wa mguu ule ule na kugusa pedali ya mafuta, mguso mmoja tu, injini inapanda kwa sauti fupi, mkono wa kushoto unaiingiza gia ya pili, klachi juu. Ukipatia, gari halitikisiki hata kidogo. Gia imeingia kama kisu kwenye ala. Ukikosea, shingo za abiria zinakwambia. Inachukua wiki kadhaa kujifunza na kila siku kuna kona utakayoipatia na kona utakayoikosa. Miaka mingi imepita na mimi bado natabasamu ninapoipatia.

Kwa kazi hiyo, pedali zinatakiwa zikae karibu na klachi iwe na mahali panapoeleweka pa kushika. Swift ni bora hapa. Klachi ni nyepesi, lever ni fupi, foleni ya Ubungo haikuumizi goti. Altezza inatumia giaboksi ya Aisin, familia ile ile iliyofungwa pia kwenye Mazda Roadster, na kuingiza gia kuna mlio mdogo wa chuma unaoleta raha kila mara. Ikiwa imechoka, ya pili inakataa asubuhi ikiwa baridi, na hilo liangalie kabla hujalipa. STI ina giaboksi ya kibabe, klachi nzito. Kwenye barabara wazi ni tamu. Kwenye foleni, baada ya saa moja utaanza kuwaonea wivu wenye Vitz.

Angalizo kwa mnunuzi wa Swift: ZC32S ilitoka pia na otomatiki ya mkanda, yaani CVT. Kwa nje yanafanana. Injini inapanda na kuganda kwenye mlio mmoja huku gari likifuata baadaye. Mlango, viti na nembo ni za Sport, raha haipo. Uliza, angalia picha ya gia, kisha uliza tena.

Injini: tamu na yenye nguvu ni vitu viwili

Injini ya Altezza RS200 ni 3S-GE ambayo Toyota waliiunda wakishirikiana na Yamaha. Farasi wake 210 wanakusanyika kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Maana yake hapo chini haina haraka, inabidi uitafute. Ikifika 5,000 inachanganya, sauti inageuka kutoka kunguruma kuwa kulia, na unaushikilia mguu kwa sababu unataka kusikia mwisho wake. Lazima uifanyie kazi, na kazi hiyo ndiyo uhondo wenyewe. Dashibodi imeundwa kama saa ya mkononi ya wapima muda, geji ndogo zimo ndani ya mduara wa mshale wa spidi. Ni pambo, ndiyo, lakini kila ukikaa linakukumbusha umekaa kwenye nini.

Swift nayo inapenda kuzungushwa, farasi wake 136 wako kwenye 6,900. Ni injini ndogo isiyo na tabo (feni ya kuisukumia injini hewa ya ziada) na inaitika papo hapo mguu unapogusa. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba unaweza kuikanyaga hadi mwisho na kuendelea kukanyaga kwa muda wa kutosha kufurahi kabla hujavunja sheria. STI ukifanya hivyo, kufumba na kufumbua umeshavuka kiwango na inabidi uachie. Unaishi ukiwa umeibana, kama mtu mwenye mbwa mkubwa kwenye kamba fupi.

Hiyo haina maana STI ni gari bovu. La hasha! Tabo ikijaa, mgongo unabanwa kwenye kiti na hakuna kingine kwenye orodha hii kinachofanana na hapo. Ina kitu ambacho hakuna mwenzake anacho: siku ya mvua kubwa, au kwenye vumbi, magurudumu yote manne yanashika, na kuna swichi karibu na gia ya kuchagua difu ya katikati igawe vipi nguvu mbele na nyuma. Heshima ya Impreza hapa Afrika Mashariki ilijengwa kwenye matope na mawe. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akairudia mwaka 2000. Mtu anayeishi Mbeya au Njombe, ambaye nusu ya safari zake hazina lami na masika kwake ni masika kweli, hilo ni jambo la kila siku.

Jambo dogo kuhusu mlio. Wengi wanaitaka Subaru kwa ule mngurumo wa kugugumia. Ulitokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana. STI nyingi za soko la Japani za kipindi hicho zina mabomba yanayolingana kwa ajili ya tabo yake, kwa hiyo hazigugumii vile. Usije ukadhani umeuziwa mbovu.

Mark X, V6 yake ni hariri. Ukitaka kuipita lori mlimani inakwenda bila kupandisha sauti. Ni injini nzuri iliyofungwa kwenye gari lisilotaka kukusumbua nayo.

Matuta, mafuta na fundi

Gari linaloshinda gereji halina raha hata liwe tamu vipi, kwa hiyo sehemu hii usiiruke.

Swift: injini ya cheni, yaani haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, spea za kawaida zinaingiliana na Swift nyingine, unywaji wa mafuta ni wa huruma. Shokapu zake ni ngumu, na nyuma pakiwa tupu kwenye barabara ya vumbi utarukaruka. Vitu vya Sport pekee, kama bampa la mbele, vitakutesa kuvipata, na matuta ya mitaani yanalipenda bampa hilo.

Altezza ndiyo yenye hatari zaidi, na nasema hivi nikiwa naipenda. Ya mwisho ilitoka 2005, kwa hiyo unanunua gari la miaka ishirini au zaidi, lililopitia mikono ya vijana waliolipenda kwa nguvu. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji akisema ulibadilishwa bila risiti, hesabu haukubadilishwa. Mbele na nyuma ina mikono miwili ya sespensheni kila gurudumu. Ndiyo siri ya inavyokaa barabarani, lakini maana yake ni bushi na bolijointi nyingi. Zikichoka, gari linaloongea linaanza kuropoka. Tenga fedha ya kufunga bushi mpya zote siku ya kwanza. Pia hakikisha ni RS200: kuna AS200 yenye injini ya silinda 6 na farasi 160, gari la kistaarabu, lakini siyo hili ninalolisifia.

STI nayo ni ya mkanda, na injini yake imepangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, ambayo vituo vyetu havina. Oili iangaliwe kila wiki, na usizime injini ghafla baada ya kuikimbiza, iache ipumue dakika moja mbili tabo ipoe. Iliyochezewa programu na fundi asiyejulikana, ikimbie. Afadhali iliyochoka rangi kuliko iliyoongezwa farasi.

Mark X ina cheni, mafundi wanaijua kila mkoa, spea hadi Kahama unapata.

Na umri una gharama yake bandarini. Tanzania gari likizidi miaka minane linaongezewa ushuru, kwa hiyo fanya hesabu nzima kabla hujapenda picha. Ndugu zetu wa Kenya hawawezi kabisa kuingiza lililozidi miaka minane. Altezza na STI hizi watazipata kwa wenzao waliokwisha kuzisajili kule. Kwao ningesema waitazame Swift Sport iliyofuata, ZC33S, iliyotoka 2017: injini 1.4 ya tabo, farasi 140, na kwa manyuali uzito umeshuka hadi kilo 970. Golf GTI ya kizazi cha saba nayo ina wapenzi wengi Nairobi, na kwa safari ndefu ni gari kamili kuliko Swift. Mimi naiona imekamilika mno, inakufanyia kazi ambayo ningependa kuifanya mwenyewe.

Dakika 20 za kujaribu

Usikubali kujaribu gari kwa kuzunguka uwanja wa muuzaji. Omba dakika 20, zima redio, nenda hivi.

Tafuta raundi abauti isiyo na watu, izunguke kwa mwendo wa wastani, mikono ukiwa umeilegeza. Sikiliza kama uzito wa stelingi unaongezeka na kupungua, au umebaki ule ule kama wa gari la mchezo wa kompyuta. Kwenye barabara iliyonyooka, ukiwa 40 kwenye gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa injini ukipanda haraka huku gari halijaongeza mwendo, plati ya klachi imekwisha. Breki kwa nguvu kwenye eneo salama na uone kama linavuta upande. Pita tuta moja taratibu na jingine kwa pembe, tairi moja moja, usikilize milio ya bushi. Mwisho, panda kilima kifupi kwa gia ya pili na uachie mafuta ghafla, kisha ukanyage tena. Mtikisiko wa "tukwi" kila ukibadili mguu ni mauntingi za injini au difu.

Kisha jiulize swali moja tu: katika dakika hizo 20, kuna wakati ulisahau kuwa umekuja kununua?

Nichukue lipi?

Kama hili ndilo gari pekee la nyumbani, unalitumia kazini kila siku, na unataka raha kwenye mwendo halali: Swift Sport ya manyuali. Sina wasiwasi na jibu hilo. Farasi wachache, lakini utawatumia wote kila siku.

Kama unalo gari jingine la shughuli, una fundi unayemwamini na fedha ya akiba: Altezza RS200 iliyotunzwa. Itakupa stelingi na injini ambazo viwanda vimeshaacha kutengeneza kwa bei ya mtu wa kawaida. Tafuta taratibu, hata mwaka mzima. Zilizosalimika ni chache na kila mwezi zinapungua.

Kama barabara zako ni za matope, milima na mvua, na una nidhamu ya mguu wa kulia: STI, isiyochezewa. Nidhamu naisisitiza. Gari hili linasamehe makosa mengi, na anayesamehewa sana huja kukosea siku ambayo msamaha umekwisha. Kwa leseni ya mwaka wa kwanza, usimnunulie kijana wako.

Na yule kaka wa Mark X au Subaru? Nilimuuliza anaendesha wapi. Kumbe anatoka Kimara kwenda Posta kila siku, na mara mbili kwa mwaka anakwenda kwao Bumbuli, ambako barabara yake inaachana na ya Lushoto pale Soni. Nikamwambia atafute Swift nyeupe, manyuali, na kabla hajalipa anipigie simu twende wote Mombo.